Kwa nini "ugonjwa wa mgomba" hauleti "magonjwa ya migomba"?

Swali la msomaji:

"Ninasimamia kituo cha taarifa cha ushirika wa wakulima. Tuna nyaraka kama 4,200 kwenye kompyuta: vipeperushi, miongozo ya ugani, ripoti za mwaka, mihtasari ya mikutano. Kati ya hizo, 900 hivi ni karatasi za zamani tulizoskani. Kijana mmoja alitutengenezea mfumo wa kutafuta, lakini mabwana shamba wanalalamika. Ukiandika 'ugonjwa wa mgomba' unapata nyaraka tatu tu, ilhali najua tunazo kama 40. Ukiandika 'mbegu za mahindi' zinatangulia ripoti za mwaka zenye kurasa 180, na kipeperushi chenyewe unakikuta mbali huko chini. Zilizoskaniwa hazitokei kabisa. Neno ng'ombe linaleta majibu tofauti ukiandikia simu na ukiandikia kompyuta. Wapo wanaosema tununue seva kubwa, wapo wanaosema tununue mfumo wa akili bandia, na mwenyekiti anasema watumiaji ndio hawajui kutafuta. Nianzie wapi?"

Jibu:

Pole kwa usumbufu, na asante kwa kutaja dalili moja moja, maana kila moja inaelekeza kwenye chanzo chake. Una matatizo manne yanayofanana kwa sura tu: mfumo haujui maumbo ya maneno ya Kiswahili, hautambui alama ya ritifaa (ile iliyo ndani ya ng'ombe), hauna maandishi ya nyaraka zilizoskaniwa, na unapanga majibu vibaya. Yote manne yanatibika, na sehemu kubwa ya tiba haihitaji fedha bali siku kadhaa za kazi ya makini.

Kwa heshima zote kwa mwenyekiti, watumiaji wenu hawana kosa. Bwana shamba aliyeandika "ugonjwa wa mgomba" ameandika Kiswahili sahihi kabisa. Seva nayo iacheni kwanza. Nyaraka 4,200 ni mzigo mwepesi ambao kompyuta ya kawaida ya ofisini inaubeba. Seva kubwa huongeza kasi, na katika maelezo yako hakuna aliyelalamikia kasi.

Tuanze na jinsi utafutaji unavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Watu hudhani ukibonyeza "tafuta" kompyuta inafungua nyaraka zote na kuzisoma. Haifanyi hivyo. Kazi ya kusoma ilishafanyika siku nyaraka zilipoingizwa. Siku hiyo programu ilikata kila waraka kuwa maneno, ikayaandika kwenye faharasa, na mbele ya kila neno ikaweka namba za nyaraka zenye neno hilo. Ni kama faharasa iliyo mwisho wa kitabu, ila hii ina kila neno. Unapotafuta, kinachosomwa ni faharasa hiyo peke yake.

Chukua nyaraka tatu fupi. Ya 1 inasema "Magonjwa ya migomba", ya 2 "Ugonjwa wa mnyauko", ya 3 "Kupanda migomba mipya". Faharasa yake itakuwa na "kupanda" mbele yake 3, "magonjwa" 1, "migomba" 1 na 3, "mipya" 3, "mnyauko" 2, "ugonjwa" 2, "wa" 2, "ya" 1. Sasa andika "ugonjwa wa mgomba". Programu inakwenda kwenye "ugonjwa" na kukuta waraka wa 2. "Wa" pia ni wa 2. "Mgomba" haipo kabisa kwenye orodha. Waraka wa 1, ambao ndio hasa unaoutaka, haukuguswa, kwa sababu haushiriki hata neno moja na ulichoandika. Na ikiwa mfumo wenu umewekwa kudai maneno yote yawepo kwa pamoja, hutapata chochote. Mpangilio huo uulizie mapema kwa kijana wenu. Kwa mkusanyiko mdogo ni bora mfumo ukubali neno lolote kati ya yaliyoandikwa, kisha nyaraka zenye maneno mengi zaidi ndizo zitangulizwe.

Hebu fikiria mwanafunzi wa darasa la tano aliyekutana na neno "hawakuyapanda". Hafungui kamusi kwenye herufi H. Anavua "ha", anavua "wa", "ku" na "ya", anabaki na "panda", kisha anafungua P. Amefundishwa kufanya hivyo, na sasa anafanya bila kuwaza. Mfumo wenu haujafundishwa kuvua. Kwake "kupanda", "walipanda", "yamepandwa" na "upandaji" ni maneno manne yasiyojuana, kama vile "jembe" na "redio".

Zana nyingi za utafutaji zilikulia kwenye Kiingereza, ambako neno hubadilika zaidi mkiani. Algoriti (yaani kanuni ya hatua kwa hatua) maarufu ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980, kazi yake ni kukata mikia hiyo. Kiswahili hubadilika kichwani kwanza, na kwenye vitenzi hubadilika kote kuwili. Kwa hiyo mfumo uliowekewa mpangilio wa Kiingereza utakata mahali pasipo na kitu na kuacha viambishi vyote mbele. Ile hila ya kuweka nyota mwishoni mwa neno haikusaidii pia kwa sababu hiyo hiyo: "mgomb*" huleta yanayoanza na mgomb-, na "migomba" haianzi hivyo.

Ziko njia tatu za kutibu hili, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni programu ya kuvua viambishi yenyewe. Inavutia, lakini ikiandikwa kwa haraka inaharibu zaidi ya inavyotengeneza. Ukivua "ku" kwenye "kuku" unabaki na "ku". "Maziwa" ya ng'ombe na "maziwa" ya Victoria na Tanganyika yote yanakuwa "ziwa". Kwenu kuna mtego ulio karibu zaidi: "mgomba" ukiivua inakuwa "gomba", na programu inayokata pia viambishi vya mwisho itaipeleka "wagombea" kwenye "gomba" hiyo hiyo. Atakayetafuta ugonjwa wa mgomba ataletewa mihtasari ya uchaguzi wa viongozi wa ushirika. Kuvua kwa usalama kunahitaji orodha ya mizizi ya kamusi: programu ivue pale tu ambapo kinachobaki ni mzizi unaojulikana, na aina ya neno ikubali. Kazi hiyo ipo na imefanywa vizuri. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameijengea Kiswahili mfumo mkubwa wa uchanganuzi wa maneno tangu miaka ya 1980. Lakini kuiunganisha na mfumo wenu si kazi ya wiki moja.

Njia ya pili ni kukata kila neno kuwa vipande vya herufi tatu tatu. "Mgomba" inakuwa mgo, gom, omb, mba. "Migomba" inakuwa mig, igo, gom, omb, mba. Vipande vitatu kati ya vinne vya "mgomba" vimo ndani ya "migomba", basi yanahesabiwa kuwa ndugu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kujua sarufi, na inasamehe makosa madogo ya kuandika. Ubaya wake ni kwamba inaleta wageni: "komba" ina omb na mba, nusu nzima ya vipande vya "mgomba". Ukiweka sharti kwamba asilimia 60 ya vipande vilingane, komba atabaki nje, lakini "mgombea" bado ataingia. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina kiongezi kiitwacho pg_trgm kwa kazi hii hii. Itumieni kama akiba, yaani ifanye kazi pale tu utafutaji wa kawaida unapoleta majibu machache, tuseme chini ya matano.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri uanze nayo: orodha ya koo za maneno, iliyotengenezwa kwa mkono kutoka kwenye nyaraka zenu wenyewe. Mwombe kijana atoe maneno yote yaliyomo kwenye faharasa, kila neno na idadi ya nyaraka lilimo. Orodha itakuwa ndefu sana, lakini hamhitaji yote. Chukueni maneno 2,000 yanayoongoza, ondoeni "na", "ya", "kwa" na wenzake, kisha yapangeni kiukoo: mgomba, migomba, mgombani, migombani; mche, miche; ugonjwa, magonjwa; panda, kupanda, anapanda, wamepanda, ikapandwa, upandaji. Kila ukoo upewe neno moja la kuuwakilisha. Watu wawili, mmoja akiwa bwana au bibi shamba anayejua mazao na mwingine anayejua sarufi vizuri, wataimaliza kwa siku chache. Mgomba na mgombea hawatachanganyika kamwe, maana waliopanga ni watu.

Kuna kosa linalorudiwa mno katika hatua hii. Orodha inawekwa upande mmoja tu. Nyaraka zinaingizwa kwa kutumia koo, lakini maneno ya mtumiaji hayapitishwi kwenye orodha hiyo, au kinyume chake, na majibu yanakuwa mabaya kuliko mwanzo. Usindikaji lazima ulingane pande zote mbili, na ukibadilisha orodha faharasa ijengwe upya. Pia neno lenyewe lilivyoandikwa lisitupwe. Lihifadhiwe pamoja na mwakilishi wa ukoo wake, na lipewe uzito mara mbili katika kupanga majibu, ili anayetafuta "upandaji" aone kwanza nyaraka zenye neno hilo hasa.

Baada ya koo, ongezeni maneno yanayotofautiana kwa sura lakini yana maana moja. Mkulima huandika "dawa ya wadudu", mwongozo unasema "viuatilifu". Mkulima huandika "migomba inakauka", mtaalamu ameandika "mnyauko". Wengine "mhogo", wengine "muhogo". Tofauti za tahajia ziwekeni kwenye koo moja kwa moja. Visawe vya maana vipeni uzito mdogo, maana "dawa" ni ya mimea, ya mifugo na ya watu pia. Na kuna maneno ambayo orodha yoyote haiyawezi. "Panda" ni ya mbegu, ya mlima na ya bei. Anayetafuta "kupanda mahindi" ataona pia taarifa za bei ya mahindi iliyopanda. Hapo suluhisho ni kumwekea mtumiaji kichujio cha aina ya waraka, yaani miongozo, taarifa za soko na mihtasari, achague mwenyewe.

Suala la ng'ombe ni dogo sana, anzeni nalo leo ili watu wapate moyo. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, kompyuta nyingi huandika iliyonyooka, na nyaraka za zamani zina hata ile ya kufungulia nukuu. Kwa jicho ni alama moja, kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa, kwa hiyo ni maneno tofauti. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu unaogeuza zote kuwa iliyonyooka, pande zote mbili, kabla maneno hayajakatwa. Kisha jaribu kutafuta "ombe". Ukiletewa nyaraka za ng'ombe, maana yake programu inavunja neno kwenye ritifaa na kupata "ng" na "ombe". Mwambie kijana aihesabu ritifaa kuwa herufi. Na "ngombe" isiyo na ritifaa iwekeni kwenye ukoo wa ng'ombe, maana watu wengi huandika hivyo kwenye simu.

Nyaraka zilizoskaniwa hazitokei kwa sababu ndani yake hakuna maneno, kuna picha ya maneno. Fungua moja, jaribu kuburuta kipanya uchague neno moja. Ukishindwa, basi ni picha. Zinahitaji kupitishwa kwenye programu ya kusoma maandishi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili, ambayo lazima uitaje kwa alama yake, swa, la sivyo itasoma kana kwamba ni Kiingereza na kusahihisha pasipo kosa. Skani ziwe na nukta 300 kwa inchi. Zilizo chini ya 200 ni afadhali zirudiwe kama karatasi bado ipo. Tazama sana herufi m: kwenye chapa iliyofifia husomwa kama r na n zilizosogeleana, na "mbegu" inageuka "rnbegu". Kiswahili kina m nyingi mno mwanzoni mwa maneno, kwa hiyo kosa hili moja linaweza kuficha nusu ya unachotafuta.

Chukua kurasa 20 za miaka tofauti, hesabu makosa katika maneno 100 ya kila ukurasa. Yakiwa matano au chini yake, endelea bila wasiwasi, maana neno muhimu hurudiwa mara nyingi ndani ya waraka na angalau moja litasomwa vizuri. Yakizidi 20, usiyategemee maandishi hayo. Kwa vyovyote vile, kila waraka ulioskaniwa uandikiwe kwa mkono kichwa, mwaka, zao au mnyama unaohusika, na maneno matano hadi kumi ya kuutambulisha. Kwa dakika tatu kila mmoja, nyaraka 900 ni saa 45, yaani wiki moja na siku kidogo ya mtu mmoja. Ndiyo saa zenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Sasa zile ripoti za kurasa 180. Inaelekea mfumo wenu unahesabu tu neno limetokea mara ngapi, na kwa hesabu hiyo waraka mrefu hushinda daima. Wataalamu waliligundua hili zamani. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Cambridge alionyesha kwamba neno linalopatikana kwenye nyaraka chache lina thamani kuliko lililoenea kote. Tuseme "kilimo" imo kwenye nyaraka zenu 3,000 na "viwavijeshi" kwenye 42. Gawanya 4,200 kwa kila moja, kisha chukua logi ya kizio 10 (kitufe cha log kwenye kikokotoo): kilimo inapata karibu 0.15, viwavijeshi inapata 2. Neno moja la viwavijeshi lina uzito zaidi ya mara kumi. Ndiyo sababu pia huna haja ya kuhangaika na orodha ya maneno ya kutupwa kama "na" na "ya". Yanapata karibu sifuri yenyewe.

Kanuni inayotumika sana leo, BM25, ilitoka London katika miaka ya 1990 kwa kazi ya Stephen Robertson na wenzake. Inaongeza mambo mawili. Kwanza, marudio yana ukomo. Kwa mipangilio ya kawaida na waraka wa urefu wa wastani, neno likitokea mara 1 linapata alama 1, mara 3 linapata 1.57, mara 10 linapata 1.96, na hata likitokea mara 1,000 halivuki 2.2. Pili, urefu unapunguza alama: mara 3 hizo hizo ndani ya waraka mrefu mara kumi ya wastani zinapata 0.54 tu. Programu za utafutaji na hifadhidata kama Elasticsearch na SQLite zinayo BM25 tayari, kwa hiyo kijana hana haja ya kuandika hesabu, ni kuiwasha.

Bado nakushauri uzikate ripoti ndefu. Kila sura, au kila maneno 300 hadi 500, viingie kwenye faharasa kama kipande kinachojitegemea, kikibeba jina la ripoti na namba ya ukurasa. Bwana shamba akibonyeza apelekwe ukurasa wa 97 penye jedwali la mbegu, asiachiwe kurasa 180 azipekue. Na neno likiwa kwenye kichwa cha waraka lipewe uzito mara mbili au tatu ya lililo ndani.

Kuhusu akili bandia, nikuambie wazi faida na hasara. Mifumo hiyo hugeuza kila kipande cha maandishi kuwa orodha ya namba, na vipande vyenye maana jirani hupata namba jirani. Inaweza kuunganisha "migomba inakauka" na "mnyauko" bila ninyi kuandika kisawe. Hiyo ni nguvu ya kweli. Lakini ni dhaifu pale mnapohitaji uhakika: kwake mbegu ya mahindi ya H614 na ya UH6303 ni karibu kitu kimoja, na mkulima anayeuliza moja hataki nyingine. Nyingi ya mifumo midogo husoma tokeni (vipande vya maneno) 512 tu za mwanzo na kuacha zingine, na Kiswahili hakipewi kipaumbele katika mafunzo yake. Haitasoma picha zenu zilizofifia pia. Ikiwezekana, baadaye iongezeni kando ya utafutaji wa maneno, majibu ya pande zote mbili yachanganywe. Msinunue leo, kabla maandishi yenyewe hayajawa safi.

Mtajuaje kama mnasonga mbele? Pimeni kabla hamjagusa kitu. Njia ni ile ile aliyoitumia Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960, alipotumia makala 1,400 hivi na maswali zaidi ya 200. Ninyi yatawatosha maswali 30, yaliyoandikwa na watumiaji halisi. Yachukueni kwenye kumbukumbu za mfumo kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Kwa kila swali, bwana shamba atie alama nyaraka zinazofaa.

Hesabu ni mbili. Usahihi: kati ya zilizoletwa, ngapi zinafaa? Ukamilifu: kati ya zinazofaa, ngapi zimeletwa? Kwenye swali lako, kama zile tatu zote zilifaa, usahihi ni asilimia 100, lakini ukamilifu ni 3 kwa 40, asilimia 7.5. Mkiweka koo za maneno mkapata nyaraka 50 na 36 zikafaa, usahihi umeshuka hadi 72 na ukamilifu umepanda hadi 90. Kwa mtu anayetafuta dawa ya shamba linaloungua na ugonjwa, huo ni ushindi mkubwa, mradi zile kumi za juu ziwe nzuri. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, kisha pimeni tena, ili mjue kilichosaidia ni kipi.

Yako mambo mawili yanayotaka mtu afike ofisini kwenu. La kwanza ni karatasi zilizolowa, zilizoliwa na mchwa au zinazokatika ukizigusa. Usiziskani kwa mashine inayovuta karatasi, tafuta mtunza kumbukumbu azione. La pili ni zito zaidi. Mihtasari na orodha za wanachama zina majina, namba za simu, pengine na madeni ya watu. Leo zimejificha kwa sababu mfumo hausomi picha. Siku mtakayozisomesha, kila mwenye simu ataweza kuzipata, na hata waraka ukifungwa, kile kidokezo cha mistari miwili chini ya kichwa kwenye orodha ya majibu kinaweza kuonyesha jina na deni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Kabla ya kuanza zile 900, mwiteni mwanasheria wa ushirika akae na kijana wenu meza moja. Waamue ni nyaraka zipi ziwe kwenye faharasa tofauti, zifunguliwe na nani, na kijana awaonyeshe kwa kutafuta jina la mwanachama mmoja aliyeridhia, akiwa ameingia kama mtumiaji wa kawaida. Likitokea popote, hata kwenye kidokezo, kazi ya kuskani isimame kwanza.